Upana wa Sampuli na Kumbukumbu ya Kifaa cha Kunasia Data: Mfano kutoka Utafiti wa Vipasuo vya Kimvita

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo kati ya upana wa sampuli na kumbukumbu iliyomo ndani ya kifaa cha kunasia data za kidijitali. Kwa wahandisi, uhusiano huo ni miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa, na wengi wao hawaoni haja ya kuueleza. Kwa sisi tunaofanya utafiti wa fonetiki na kuuandika kwa Kiswahili, jambo hili hupitwa kwa mstari mmoja katika sura ya mbinu: data zilirekodiwa kwa biti 24, basi. Msomaji huachwa aamini kwamba wingi wa biti ni dhamana ya ubora. Hoja ya makala haya ni kwamba kila biti ina gharama, na gharama yake hulipwa kwa muda. Kumbukumbu ya kifaa ina kikomo. Anayeipanua sampuli hufupisha kipindi cha kurekodi, na asipotambua hivyo huweza kupoteza data ambazo hazitapatikana tena.

Hoja hii haikutokana na vitabu. Katika hatua za awali za utafiti wangu kuhusu vipasuo vya Kimvita, nilimrekodi mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa. Lengo lilikuwa kupima mpumuo, sifa inayotofautisha p'aa, yaani mnyama, na paa la nyumba; au k'aa wa baharini na kaa la moto. Kiswahili Sanifu hakiuandiki mpumuo huo, lakini kwa mzawa wa Mombasa aliyelelewa na lahaja yake, kuuacha ni kusema neno jingine. Orodha ilikuwa na maneno 60, kila moja likiwa ndani ya kauli fupi ya "Sema … tena", na kila kauli ilichukua takriban sekunde mbili na nusu. Usomaji mzima ulihitaji dakika mbili na nusu. Nilikuwa nimekiweka kifaa katika upana wa juu kabisa kiliokuwa nao, kwa imani ileile ninayoikosoa hapa. Mzee alisoma orodha yote kwa utulivu. Kifaa kilikuwa kimenyamaza kabla hajafika neno la 35.

Sikugundua hadi jioni.

2.0 Tatizo la istilahi

Kabla ya kuingia katika hesabu, inafaa kuondoa utata mmoja wa kiistilahi ambao umewahi kunisumbua mbele ya jopo. Katika tasinifu zetu, ukubwa wa sampuli ni idadi ya watoataarifa au matini zilizoteuliwa kuwakilisha kundi lengwa. Mtahini aliposoma katika pendekezo langu kwamba ukubwa wa sampuli ungekuwa 16, aliuliza kwa haki kabisa kama wasemaji 16 wangetosha. Nilichokusudia ni biti 16.

Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia istilahi upana wa sampuli kwa maana ya idadi ya biti zinazotumika kuandika thamani moja iliyopimwa. Sampuli yenyewe ni thamani hiyo moja: kifaa kinapopima mkondo wa umeme unaotoka kwenye maikrofoni mara 48,000 kwa sekunde, kila kipimo ni sampuli moja. Idadi ya sampuli ambazo kumbukumbu inaweza kubeba nitaiita kina cha kumbukumbu. Ukubwa wa kumbukumbu nitauacha kwa maana yake ya kawaida, yaani idadi ya baiti. Kina na ukubwa si kitu kimoja, na makosa mengi huanzia hapo.

3.0 Kutoka biti hadi sekunde

Kigeuzi kilichomo katika kifaa hupokea wimbi lisilo na mikato na kulipangia ngazi. Biti 8 hutoa ngazi 256. Biti 12 hutoa ngazi 4,096. Biti 16 hutoa ngazi 65,536. Biti 24 hutoa ngazi 16,777,216. Kadiri ngazi zinavyokuwa nyingi ndivyo tofauti kati ya thamani halisi na thamani iliyoandikwa inavyopungua. W. R. Bennett alichanganua tofauti hiyo katika makala yake ya mwaka 1948, na kutokana na uchambuzi wa aina hiyo tumerithi kanuni inayotumika hadi leo: kila biti inayoongezwa huongeza takriban desibeli sita za nafasi kati ya sauti kubwa kabisa na kelele inayozalishwa na ukadiriaji wenyewe. Biti 8 hutoa desibeli 50 hivi, biti 12 hutoa 74, biti 16 hutoa 98. Hiyo ndiyo faida ya upana.

Gharama yake huanzia mahali pengine. Kumbukumbu za kompyuta zimepangwa kwa baiti, yaani mafungu ya biti nane, na vifaa vingi huhifadhi kila sampuli katika nafasi ya baiti moja, mbili au nne. Sampuli ya biti 12 haina nafasi inayoitosha barabara. Huwekwa katika baiti mbili, na biti nne hubaki tupu au hutumiwa kwa alama za kifaa chenyewe. Sampuli ya biti 24 ingetosha katika baiti tatu, lakini mara nyingi hupewa nne kwa sababu ni rahisi kwa kichakataji kuzisoma. Basi gharama haipandi kidogo kidogo kama mteremko. Hupanda kwa vidato kama ngazi. Anayetoka biti 8 kwenda biti 12 ameongeza nusu ya upana, lakini amelipa mara mbili. Anayetoka 12 kwenda 16 halipi chochote, ikiwa kifaa hakipakii sampuli kwa kubana. Anayetoka 16 kwenda 24 huenda akalipa mara mbili tena, ingawa faili itakayofika kwenye kompyuta inaweza kuonyesha baiti tatu kwa kila sampuli na kumfanya aamini kwamba amelipa mara moja na nusu tu.

Nichukue mfano wa kifaa nilichokitumia, chenye kumbukumbu ya ndani ya megabaiti 64, yaani baiti 67,108,864. Kilikuwa na mikondo minne inayopimwa kwa wakati mmoja: maikrofoni, hewa inayopita mdomoni, hewa inayopita puani, na shinikizo la hewa ndani ya kinywa. Kila mkondo ulipimwa mara 48,000 kwa sekunde, hivyo jumla ni sampuli 192,000 kila sekunde. Kwa nafasi ya baiti mbili, kifaa hutumia baiti 384,000 kwa sekunde, na kumbukumbu hujaa baada ya sekunde 174.8. Kwa nafasi ya baiti nne hutumia baiti 768,000, na kumbukumbu hujaa baada ya sekunde 87.4.

Orodha yangu ilihitaji sekunde 150. Kwa biti 16 ingeingia yote na kubakiza nafasi. Kwa biti 24 ziliingia kauli 34 kamili.

Waraka wa kifaa haukuficha jambo hili, ila uliliandika kwa namna ya kupotosha asiyejua. Ulisema kina cha kumbukumbu ni sampuli milioni 32. Kauli hiyo ni kweli kwa sampuli za baiti mbili, na kwa mkondo mmoja tu. Ikigawanywa kwa mikondo minne hubaki milioni nane kwa kila mmoja. Ikipanuliwa hadi baiti nne hubaki milioni nne. Kwa maoni yangu, mtafiti anayenunua au kuazima kifaa apuuze idadi yoyote ya sampuli iliyochapishwa kwenye jalada. Aulize baiti ngapi, nafasi ngapi kwa kila sampuli, mikondo mingapi, kisha apige hesabu mwenyewe.

Lipo pia suala la kichocheo. Vifaa vingi huzungusha kumbukumbu kama gurudumu, vikiandika juu ya data za zamani hadi tukio linalosubiriwa litokee, ili mtafiti apate kipande cha kabla na kipande cha baada ya tukio. Kipande cha kabla hutolewa katika kumbukumbu ileile, kwa hiyo muda wa baada hupungua kwa kiasi hicho.

4.0 Je, biti za ziada zilibeba nini?

Swali ambalo nilipaswa kujiuliza kabla ya kwenda uwandani ni hili: biti nane nilizoziongeza juu ya 16 zingenipa taarifa gani kuhusu mpumuo? Kwa upande wa maikrofoni, jibu ni karibu hakuna.

Tuseme kelele ya chumba, pamoja na ya kikuza sauti, iko desibeli 60 chini ya upeo wa kifaa. Makisio hayo si ya ukali kwa nyumba ambayo madirisha yake yanatazama uchochoro unaopitwa na pikipiki na mikokoteni. Katika upana wa biti 24, kelele hiyo pekee hucheza katika ngazi zaidi ya 8,000, yaani huzijaza biti 13 za chini. Katika biti 16 hucheza katika ngazi 33 hivi, na kujaza biti tano. Sauti ya mzee, iliyo juu ya kelele, imeandikwa kwa biti 11 za juu katika hali zote mbili. Nafasi niliyoipoteza, ambayo ingebeba maneno 26, ilihifadhi kwa usahihi wa hali ya juu feni ya darini.

Ziko sababu halali za kutumia biti 24. Humruhusu mtafiti kuweka sauti chini sana ya kilele bila hofu ya kukatwa pindi msemaji anapocheka au kukohoa karibu na maikrofoni. Lakini hata kwa biti 16, kuacha desibeli 18 za tahadhari hugharimu biti tatu tu. Zinabaki 13, ambazo ni desibeli 80. Hakuna chumba nilichorekodia kilichokuwa kimya kiasi cha kuzihitaji zote. Vilevile, kigeuzi kinachouzwa kwa jina la biti 24 hakitoi biti 24 za kweli. Joto la vijenzi vyake lenyewe huzalisha kelele inayofunika biti za chini kabisa. Njia ya kujua biti za kweli ni kupima uwiano wa ishara na jumla ya kelele na upotoshaji, kutoa 1.76, na kugawanya kwa 6.02. Kifaa kinachotoa desibeli 92 kina biti 15 za kweli, hata jalada lake liseme nini.

Shinikizo la hewa ndani ya kinywa ni kisa tofauti. Hapa upana una maana, kwa sababu sauti za Kiswahili kama b na d zisizotanguliwa na nazali hutamkwa kwa kuvutia hewa ndani, na shinikizo lake huwa karibu na sifuri au chini yake kidogo. Kipimio chenye upeo wa sentimita 50 za maji kila upande, kikiandikwa kwa biti 8, hutoa hatua ya sentimita 0.39. Kwa kuwa kipasuo cha kawaida huzalisha sentimita tano hadi kumi, hatua hiyo ingeweza kuvumiliwa kwa p. Kwa b ni panga la kukatia uzi. Biti 12 hutoa hatua ya sentimita 0.024, nazo zinatosha. Biti 16 ni starehe isiyogharimu kitu, kwani nafasi ya baiti mbili imeshalipwa.

Jambo ambalo shinikizo halikulihitaji ni kasi. Shinikizo na mtiririko wa hewa hubadilika polepole, na kwa maswali niliyokuwa nayo sampuli 2,000 kwa sekunde zingetosha. Kama kifaa kingeruhusu kila mkondo uwe na kasi yake, maikrofoni ingetumia baiti 96,000 kwa sekunde na mikondo mitatu iliyobaki baiti 12,000 kwa pamoja. Kumbukumbu ileile ingedumu zaidi ya dakika kumi. Kifaa hakikuruhusu: mikondo iliyopimwa kwa wakati mmoja ilifuata saa moja. Hivyo basi zaidi ya nusu ya kumbukumbu iliandika mikondo ya polepole kana kwamba ni ya haraka.

Kwa hali hiyo, lililobaki ni kupunguza kasi ya mikondo yote. Niliteremka hadi sampuli 24,000 kwa sekunde, kiwango kinachotunza masafa hadi karibu Hezi 12,000, mradi kichujio kizuie yaliyo juu ya hapo kabla hayajafika kwenye kigeuzi. Umbali kati ya sampuli mbili ni milisekunde 0.042. Tangu Lisker na Abramson walipochapisha mwaka 1964 ulinganisho wao wa vipasuo katika lugha mbalimbali, wanafonetiki wamekuwa wakipima muda kati ya mlipuko wa kipasuo na kuanza kutetema kwa nyuzisauti kwa milisekunde. Mpumuo wa Kimvita hupimwa katika kipimo hichohicho. Kasi hiyo ilitosha kwa ziada, na kwa biti 16 kumbukumbu ilidumu sekunde 349.5.

5.0 Kumbukumbu inapokuwa mlango

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini nisiache data zitiririke moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, ambayo diski yake haijai kwa dakika tatu. Hilo linawezekana na wengi hufanya hivyo. Lakini kumbukumbu ya ndani haitoweki. Hubadilika kutoka ghala na kuwa mlango. Data hupanga foleni humo zikisubiri kompyuta izichukue, na kompyuta ina shughuli nyingine. Upana wa sampuli sasa hauamui muda wa kurekodi, bali muda ambao kompyuta inaweza kuchelewa bila madhara.

Foleni ya baiti 8,192 hubeba sampuli 4,096 za baiti mbili. Kwa mikondo minne ya sampuli 48,000 kila mmoja, hizo ni milisekunde 21.3 za subira. Kwa sampuli za baiti nne ni 10.7. Kompyuta ikichelewa zaidi ya hapo, foleni hufurika.

Ni katika kipengele hiki ambapo naona hatari kubwa kuliko ile iliyonipata. Kumbukumbu iliyojaa hukata rekodi mwishoni, na mtafiti akiitazama faili huona kwamba maneno hayapo. Foleni iliyofurika inaweza kukata katikati. Vifaa vya maabara vilivyotengenezwa vizuri husimama na kutoa taarifa ya hitilafu. Baadhi ya programu za kurekodia huendelea, zikiunganisha kipande cha kabla na cha baada kana kwamba hakuna kilichotokea. Tuseme mpumuo wa k'aa ulidumu milisekunde 60, na kipande cha milisekunde 21 kikaanguka ndani yake. Kitakachopimwa ni 39. Mpumuo ni mvumo usio na umbo maalumu, kwa hiyo mshono hauonekani kwenye wimbi wala kwenye spektrogramu, na sikio halisikii kitu. Jedwali litaonyesha kwamba msemaji huyu anaupunguza mpumuo, na kwa kuwa wapo wanaodai kwamba vijana wa mjini wanaupoteza, matokeo hayo ya uongo yatapokelewa bila swali kwa sababu yanafanana na tulivyotarajia.

Kuna njia mbili rahisi za kujikinga, na nilizitumia zote mbili. Ya kwanza ni kukirekodisha kifaa mlio mmoja usiobadilika kwa muda mrefu kuliko kikao cha kawaida, kompyuta ikiwa katika hali ileile itakayokuwa nayo uwandani. Mshono ambao mpumuo unauficha, mlio safi huufichua, kwani mara nyingi wimbi huvunjika mahali lilipoungwa. Ya pili ni kuhesabu: idadi ya sampuli katika faili ilinganishwe na kasi iliyozidishwa kwa muda uliopimwa na saa nyingine. Upungufu wa sampuli 1,024 katika kila mkondo ni foleni moja iliyopotea. Hapa biti tupu za sampuli ya biti 12 hupata kazi, maana baadhi ya vifaa hutumia nafasi hizo kuandikia alama zinazosaidia kugundua pengo.

6.0 Hatima ya rekodi ya kwanza

Siku ya pili nilirudi kwa mzee nikiwa nimekiweka kifaa katika biti 16, naye kwa ukarimu akakubali kusoma tena. Usomaji wa pili haukuwa kama wa kwanza. Katika mazungumzo ya jana yake nilikuwa nimemweleza, kwa kuwa aliuliza, kwamba ninachunguza namna Wamvita wanavyotofautisha p'aa na paa. Sasa alijua. Alizitamka p', t' na k' kwa uangalifu wa mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi, akisita kabla ya kila moja, na mara mbili alirudia neno kwa hiari yake ili nilisikie vizuri. Ilikuwa rekodi nzuri ya Kimvita cha kufundishia. Hazikuwa data za usemi wa kawaida nilizozihitaji.

Baada ya kushauriana na msimamizi, usomaji wa pili uliondolewa katika uchanganuzi wa takwimu na kuhifadhiwa kando. Wasemaji waliofuata walirekodiwa wote kwa biti 16 na sampuli 24,000 kwa sekunde, orodha ikiwa imegawanywa katika vipande viwili vya maneno 30, na kumbukumbu kumwagwa kwenye kompyuta baada ya kila kipande. Maelezo ya data yanataja, kwa kila faili, upana wa sampuli uliotolewa na kigeuzi, nafasi iliyotumika katika kumbukumbu, kasi, idadi ya mikondo, na idadi ya sampuli zilizotarajiwa dhidi ya zilizopatikana. Katika jedwali la vipimo vya mpumuo, mzee huyo ndiye msemaji wa kwanza. Safu yake ina thamani 34 na nafasi 26 zilizoachwa wazi.